Mechi ya ufunguzi imebaki siku tisa, tumeshinda zote za kirafiki ila timu naiona nzito. Nicheze ya mwisho au niwapumzishe?

#1 Mwalimu_Namba8
Wakuu habari zenu. Naenda moja kwa moja. Nafundisha timu ya ligi ya chini, vijana wengi na wakubwa wachache, huu msimu wangu wa pili kama kocha mkuu. Ligi inaanza Jumamosi ya wiki ijayo. Tumejiandaa wiki sita, kirafiki tano, tumeshinda zote, tumefunga 14 tumefungwa 2. Ukiangalia matokeo huna cha kulalamika.

Ila jana mazoezini kuna kitu nimekiona sijakipenda. Namba saba wangu ni mtu ambaye mpira ukipigwa nyuma ya beki unakuta kashaondoka zamani, jana kapigiwa mara tatu na zote tatu ndo kwanza anageuka. Zoezi la pili likiisha nusu ya timu wameinama mikono magotini na hakuna anayeongea. Hii timu huwa ina kelele mpaka nawafokea wanyamaze, jana nilikuwa nasikia filimbi yangu tu.

Sasa kuna wenzetu wanataka tucheze nao kirafiki Jumatano, siku tatu kabla ya ligi. Msaidizi wangu anataka tucheze, hoja yake ni kwamba mara ya mwisho tumecheza Jumapili iliyopita, tukikaa karibu wiki mbili bila mechi tutaingia tumepoa. Mimi moyo unakataa ila sina hoja ya kumshinda. Nyie mngefanyaje?

#2 BekiMstaafu
Pumzisha. Miguu haidanganyi.

#3 Winga_Teleza
Mkuu umeshinda tano kati ya tano alafu umekuja kuomba msaada? Humu kuna watu wangeshinda mbili tu uzi ungekuwa wa kuagiza kabati la makombe 😂 Natania kocha, nimeweka kambi hapa.

#4 JichoLaBenchi
Kwanza toa kichwani hizo 14 kwa 2. Mechi ya kirafiki inapima unachotaka kupima wewe, haipimi kama utashinda ligi. Kumbukeni Louis van Gaal 2014, ametoka kuipa Uholanzi nafasi ya tatu kombe la dunia anaingia Manchester United, maandalizi anawachapa LA Galaxy 7-0, kila mtu anasema ligi imeisha. Tarehe 16 Agosti mechi ya kwanza nyumbani Old Trafford, Swansea anakuja anaondoka na 2-1. Zile mechi za kirafiki mpinzani hakukabi kama vile ameonewa, beki wake anawaza asiumie. Siku ya ligi beki huyo huyo anakuja na roho nyingine kabisa.

Kwa hiyo swali lako la Jumatano mimi naliona dogo, swali kubwa ni kwamba hizo mechi tano ulikuwa unatafuta nini?

#5 Mkono_wa_Barafu
Habari kocha. Mimi ni mtu wa viungo, nimekaa na timu miaka kadhaa. Unachokielezea ni uchovu uliolimbikizwa, wiki sita mzigo unapanda na hakuna mahali uliposhuka. Sio kwamba hawako fiti, wako fiti ila fitinesi imefunikwa na uchovu, ukiondoa uchovu utaiona.

Dawa yake watu wengi wanakosea. Wanakata kasi, wachezaji wanakimbia kimbia taratibu wiki nzima, siku ya mechi mwili umesahau kukimbia kweli. Kata muda, usikate kasi. Kama mlikuwa mnafanya saa moja na nusu fanya dakika 55 au saa moja, ila ndani yake sprinti ziwepo, chache, za nguvu zote na wapumzike vya kutosha katikati. Siku ya kabla ya mechi dakika 40 zinatosha sana.

Na kingine tafadhali sana, usiwape zoezi jipya wiki hii. Kama mmekuwa mkifanya ile FIFA 11+ ya kupasha misuli, ya kama dakika 20, endeleeni nayo. Kama hamjawahi, usianze kuwapigisha lile zoezi la kupiga magoti mwenzio anakushika vifundo unashuka mbele taratibu. Ni zoezi zuri mno kwa msuli wa nyuma ya paja ila ukilianza wiki ya mechi watakuja Jumamosi mapaja yanawaka moto. Nimeliona kwa macho yangu, kocha mmoja alisoma usiku akaja nalo asubuhi Alhamisi.

#6 Msaidizi_wa_Kudumu
Mimi nipo upande wa msaidizi wako na sio kwa sababu ya jina langu. Kuna pumzi ya mazoezi na kuna pumzi ya mechi ni vitu viwili tofauti jamani. Mazoezini mtu akichoka anajificha, anaenda kufunga kamba za kiatu. Kwenye mechi huwezi, mpira unakufuata. Wiki mbili bila dakika za ushindani utaona dakika ya 60 watu wanashikwa na misuli. Cheza Jumatano, wale kumi na moja wako dakika 30 tu, kisha toa wote ingiza akiba.

#7 Kumbukumbu_ya_Soka
Hapana hapana #6. Ufaransa kombe la dunia 2002, mabingwa watetezi wa dunia na wa Ulaya, wakacheza kirafiki ya mwisho na Korea Kusini, nyota wao Zidane akaumia paja. Mechi ya ufunguzi kule Tokyo wakapigwa na Senegal 1-0, goli la Papa Bouba Diop. Zidane hakucheza mechi hata moja wakarudi nyumbani bila kufunga goli. Kirafiki moja tu hiyo.

#8 Filimbi_Nyeusi
Marekebisho kidogo #7. Ilichezwa Seoul sio Tokyo, 31 Mei 2002. Kirafiki na Korea ilikuwa tarehe 26 kwa hiyo siku tano kabla. Na Zidane alikosa mechi mbili, ya tatu na Denmark alicheza paja limefungwa bandeji. Bila goli hapo uko sahihi.

#9 Kumbukumbu_ya_Soka
Asante mwamuzi, kadi ya njano nimeipokea. Hoja inabaki pale pale.

#10 Msaidizi_wa_Kudumu
Haibaki pale pale mkuu. Wangapi wamecheza kirafiki ya mwisho hawakuumia? Hao hatuwataji kwa sababu hakuna stori. Alafu usiwanyang'anye Senegal haki yao, kocha wao Bruno Metsu aliwapanga vizuri, El Hadji Diouf akawatesa wale mabeki mwanzo mwisho.

#11 Kiungo_Punda
Mimi nimecheza namba sita miaka mingi sijawahi kuwa kocha, niwaambie upande wa wachezaji. Hicho kimya alichokisema mwalimu mimi hakinipi picha ya uchovu. Timu iliyochoka inalalamika, "kocha leo umetuua", unasikia. Timu iliyonyamaza inahesabu. Kila mtu anahesabu nani ataanza. Siku tisa kabla ya ufunguzi ndo kipindi kibaya kuliko vyote, nafasi 11 mko 22, rafiki yako mnayekaa chumba kimoja ndo mnagombea naye namba. Mimi msimu mmoja nilinyamaziwa wiki nzima hivyo hivyo, kocha hasemi kitu, mimi na mwenzangu tunapeana pasi bila kuangaliana usoni. Siku ya mechi ananitaja dakika 50 kabla ya kuanza, nikaingia uwanjani kichwa kimejaa, nikapoteza pasi tatu za kwanza zote. Tatu. Mpaka leo nazikumbuka zilikoenda.

Mwalimu je umeshawaambia kikosi?

#12 Mwalimu_Namba8
Nashukuru wote. Nijibu kwa pamoja.

#11 umenigusa. Hapana sijawaambia. Nina karatasi nyumbani nimeandika kwa penseli, nafasi tisa zina majina, mbili nimeandika nikafuta nikaandika nikafuta mpaka karatasi imetoboka. Moja ni kipa. Nina makipa wawili, mmoja mtu mzima anajua kupanga mabeki, mwingine kijana ana mikono na miguu, anaanzisha mpira vizuri sana. Wamegawana mechi za kirafiki sawasawa na hakuna niliyemwambia kitu.

#4 swali lako zuri. Mechi tatu za kwanza nilitafuta pumzi. Mbili za mwisho nilibadilisha, tulikuwa tunacheza mabeki wanne nikaenda watatu ili mawinga wapande juu. Ndo hizo mbili tulizofungwa goli moja moja.

#13 JichoLaBenchi
Ahaa. Sasa kocha ungeanza na hilo. Umebadilisha mfumo wiki ya tano! Namba saba wako hajachoka, anafikiria. Zamani alikuwa anajua mpira ukienda kwa namba sita yeye anaondoka, sasa hivi inabidi kwanza aangalie mimi ni winga au ni beki leo? Hiyo nusu sekunde ya kujiuliza ndo hiyo uliyoiona akigeuka. Mchezaji anayefikiria anaonekana mzito, hata daktari akimpima atakuta yuko salama.

Angalia kocha Ranieri pale Leicester 2015. Amefika Julai, jina kubwa, angeweza kuja na mambo yake. Akawakuta watu wamemaliza msimu vizuri akasema sibomoi. Mechi ya kwanza 4-2 dhidi ya Sunderland. Hawakumaliza mechi bila kufungwa mpaka ya kumi na bado wakachukua ubingwa.

#14 Kumbukumbu_ya_Soka
Na kocha Conte je? Chelsea 2016 kapigwa na Arsenal 3-0 mwezi wa tisa, katikati ya ligi kabisa akahamia mabeki watatu, akashinda mechi 13 mfululizo. Kwa hiyo mfumo mpya sio sumu.

#15 JichoLaBenchi
Conte alikuwa ameshafundisha mabeki watatu miaka kadhaa Juventus na Italia, yeye mwenyewe alikuwa analijua somo usingizini. Kocha wetu hapa ana mechi mbili. Na Conte huyo huyo Agosti 2017, bingwa mtetezi, na mfumo wake wa mabeki watatu, mechi ya kwanza nyumbani akapigwa na Burnley 3-2.

#16 Kumbukumbu_ya_Soka
Chelsea walikula kadi nyekundu mbili mkuu, Cahill dakika ya 14 tu. Hapo mfumo unaulaumu bure.

#17 Mama_wa_Kipa
Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi sijui mifumo, mwanangu ni kipa ndo maana nafuata nyuzi kama hizi. Mwalimu nakuomba hilo la makipa usilichukulie kirahisi. Winga akiwekwa benchi anaweza kuingia dakika ya 60. Kipa akiwekwa benchi kakaa mechi nzima na pengine msimu mzima. Mwanangu aliwahi kujua hachezi kwa kuona glavu za mwenzie zimewekwa kwenye kiti cha kwanza. Hakuambiwa. Alivyorudi nyumbani hakulia, alifua zile glavu zake ambazo hazikuwa hata chafu, akaanika. Mwambie kijana wa watu mapema, na umwambie kwa nini.

#18 BekiMstaafu
Dada hapo umesema. Na mimi kama beki nachagua yule mtu mzima anayeongea. Kipa bubu ni mateso.

#19 Winga_Teleza
Kipa mtu mzima ataweza hii sheria mpya ya sekunde nane lakini? Wale wazee wanapenda kulalia mpira kama wamepata mto 😂 si siku hizi ni faulo ndani ya boksi?

#20 Filimbi_Nyeusi
Sio faulo, ni kona. Zamani ilikuwa sekunde sita na adhabu yake faulo isiyo ya moja kwa moja, karibu hakuna refa aliyekuwa anaipiga. Kuanzia msimu wa 2025/26 ni sekunde nane, zikipita wapinzani wanapewa kona, na refa anahesabu tano za mwisho kwa kuonyesha vidole mkono ukiwa juu. Kocha waambie makipa wote wawili, mechi za mwanzo wa msimu ndo watu wanakamatwa.

#21 Mrushaji
Maadam tumefika kwenye kona, mimi kila uzi nasema na narudia. Mechi ya kwanza inaamuliwa na mipira iliyosimama. Timu bado hazijashikana, pasi hazifiki, ila kona inaweza kufanyiwa kazi ikakamilika ndani ya wiki. Arsenal tarehe 13 Agosti 2021 wanaenda kwa Brentford ambao hawajaonja ligi kuu tangu 1947. Goli la pili la Brentford limetoka wapi? Mpira wa kurusha. Umerushwa ndani ya boksi ukadunda mbele ya goli, Nørgaard kichwa. Watu wanacheka eti mazoezi ya kurusha, Liverpool waliajiri kocha wa kurusha tu 2018, Thomas Grønnemark, na mwaka uliofuata wakachukua ubingwa wa Ulaya.

Mwalimu Jumatano usicheze na mtu. Chukua dakika 25 kona na kurusha, kushambulia na kuzuia, kila mtu ajue mtu wake kwa jina.

#22 Msaidizi_wa_Kudumu
Kila kitu kwako ni kurusha mkuu, hata mkopo ungerusha 😂

#23 Mkono_wa_Barafu
Nilisahau: viatu. Waambie hakuna kuvaa kiatu kipya siku ya ufunguzi. Vijana wanapenda kuweka kipya kwenye boksi mpaka siku ya mechi, dakika ya 30 kisigino kimetoka lengelenge anachechemea unadhani ni msuli. Aliye nacho akivae mazoezini kuanzia leo. Na wafanyeni mazoezi saa ile ile ya mechi siku zote zilizobaki.

#24 Mwalimu_Namba8
Leo Jumatatu naleta mrejesho. Kirafiki nimeikataa. Badala yake Jumatano tunacheza wenyewe kwa wenyewe kumi na moja kwa kumi na moja, dakika 25 mara mbili, refa wa kweli, ili msaidizi wangu naye apate chake. Nimerudi mabeki wanne, ule mfumo mwingine nimeuweka kwa ajili ya dakika za mwisho tukiwa nyuma. Kwa kuwa ligi yetu inaruhusu sub watano nina nafasi ya kubadilisha.

Makipa nimewaita mmoja mmoja jana. Anaanza mtu mzima. Kijana nilimwambia sababu zote: kupanga ukuta, kuongea, mechi ya kwanza mabeki wangu wawili ni wageni. Alinisikiliza akiwa anabana mpira kati ya miguu, akasema "sawa mwalimu", akaenda kupiga mpira ukutani peke yake nusu saa. Mama #17 nimejitahidi ila sijui kama nimesema vizuri.

#25 Kiungo_Punda
Na wale wengine? Kikosi kizima ni lini?

#26 Mwalimu_Namba8
Ijumaa baada ya mazoezi. Nikiwaambia leo naogopa wale wa benchi watakata tamaa wiki nzima.

#27 Kiungo_Punda
Naheshimu, ila usifike Jumamosi.

#28 Mwalimu_Namba8
Wakuu, Jumapili hii. Tumetoka 1-1.

Dakika ya 11 namba saba kaondoka nyuma ya beki kabla hata mpira haujapigwa, kile kile nilichokuwa nakililia, goli. Mpaka mapumziko tungeweza kuwa na tatu. Kipindi cha pili tukaanza kurudi nyuma wenyewe, sikuwaambia, mstari wa mabeki unashuka tu na nikipiga kelele hawasikii. Dakika ya 58 namba saba kakaa chini, msuli wa nyuma ya mguu umekaza, nikamtoa. Dakika ya 81 wamerusha mpira mrefu, kipa wangu katoka nusu akarudi, kichwa, goli. Kelele kwenye chumba cha kubadilishia zilirudi lakini, wanagombana nani alikuwa wa nguzo ya mbali.

#29 Mrushaji
Wamerusha!!! Sitasema kitu.

#30 Msaidizi_wa_Kudumu
Dakika ya 58. Nilisema 60. Dakika za mechi hazikuwepo ndugu zangu, angecheza Jumatano 30 zile angemaliza.

#31 Mkono_wa_Barafu
Au angekaza dakika ya 40. Kijana katoka kwenye wiki sita nzito kapunguziwa siku nane tu, kapiga sprinti kipindi cha kwanza kizima. Kukaza kwa msuli kuna sababu nyingi, uchovu, presha ya mechi, joto, hata usingizi wa usiku wake. Mpime Jumatatu, akiweza kusimama kwa vidole vya mguu mmoja mara ishirini bila maumivu muingize mazoezini taratibu.

#32 JichoLaBenchi
Goli la kwanza limetoka kwenye mfumo wa zamani. Aliacha kufikiria. Mimi nimeridhika.

#33 Kiungo_Punda
Mnaruka kipindi cha pili. Timu inayorudi nyuma yenyewe ikiwa inaongoza ni woga, hakuna aliyewafundisha kuongoza mechi. Tano za kirafiki mlizoshinda mliongoza watu wasiojali.

#34 Kumbukumbu_ya_Soka
Pole kocha na hongera. Argentina walianza kombe la dunia 2022 kwa kufungwa na Saudi Arabia 2-1, kocha wao Scaloni akabadilisha watano mechi iliyofuata, mnajua walipoishia, mabingwa wa dunia. Wewe una pointi moja tayari.

#35 Winga_Teleza
Sasa kabati tuagize au tusubiri? 😂 Kazi nzuri mwalimu, kweli kabisa.

#36 Mama_wa_Kipa
Hongera mwanangu. Na yule kijana wa benchi alikuwaje?

#37 Mwalimu_Namba8
Asante mama. Alikaa kimya koti limefungwa mpaka shingoni. Ule mpira ulivyokuwa unataka kurushwa dakika ya 81 ndo nikasikia mtu nyuma yangu anapiga kelele "nguzo ya mbali, nguzo ya mbali", kugeuka ni yeye, kasimama kwenye mstari kabisa anaonyesha kwa mkono. Hakuna aliyemsikia uwanjani. Jana usiku kanitumia meseji anaomba tuonane Jumatatu kabla ya mazoezi, hajasema ni kuhusu nini.